Bolti ya Nane

Ikiwashwa alfajiri, pikapu ya Mwaringa hugonga ulimi:
tik, tik, tik, tik,
kama mama mkwe aliyeona masizi kwenye sufuria.
Injini ikishika moto hunyamaza,
maana chuma hutanuka na mwanya hujifumba,
naye huenda zake Gongoni kupakia chumvi
akijua gari limepona.
Kesho yake, tik tik.

Miezi saba ameishi na uongo huo wa saa mbili asubuhi.
Leo ameileta gereji, hapa Barani,
kwa kuwa jana moshi ulipenya hadi kwenye viti
na mwanawe Sidi akalala kutoka Mambrui hadi mjini
usingizi ambao si wa mtoto,
akaamka akitapika.

Boneti juu. Nyevu ameingiza mkono;
mkono wake mwembamba hufika ambako wangu hukwama.
Bolti nane hushikilia menifoldi kwenye kichwa cha injini.
Chumvi imevitafuna vichwa vyake, vimebaki karafuu.
Tulizinywesha dizeli na mafuta ya breki usiku kucha.
"Usikomae nayo," namwambia. "Jino la mtoto hilo:
mbele kidogo, rudi kidogo, mbele."

Ya kwanza imetoka ikilia.
Ya pili. Ya tatu imegoma, kisha ikasalimu.
Ya nne,
tak.
Sauti ndogo mno kwa hasara yake.
Nyevu amesimama na spana kama aliyevunja kikombe cha wageni.
Lete nati, nikamwambia. Tukaivika kwenye kisiki,
tukailehemu kwa ndani hadi vikawa kitu kimoja,
na ikiwa bado nyekundu nikaigusisha mshumaa;
hesi ikainyonya nta
kama mgonjwa aliyepata nafuu anavyonyonya uji.
Robo duru. Nusu.
Kikatoka kisiki kizima, kinafuka,
na Nyevu akacheka peke yake.

Ya tano hadi ya saba sina la kusema.

"Fundi, ya nane haipo."
"Haipo vipi? Kichwa nakiona."
"Kichwa tu. Kimebandikwa."
Amekibandua kwa ukucha. Gundi ya chuma, masizi juu yake,
na shina limekatikia ndani kabisa ya shimo.
Ndipo moshi ulipopata njia.
"Mshenzi gani huyu?"

Nilijipangusa mikono muda mrefu.
Gari hili limeuzwa mara tatu,
lilikuwa la bluu, sasa jeupe,
na kila lilipouzwa siri iliuzwa pamoja nalo, bure.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, kwa fundi Famau, Majengo,
mwezi wa mfungo, magharibi inakaribia,
mwenye gari anahimiza, koo limekauka.
Nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu.
Nikapata nguvu.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikabandika, nikakandamiza kwa kidole gumba.

Keekee niliishika mwenyewe.
Nukta katikati, biti nyembamba kwanza, kisha nene,
pumzi nimeibana nisije nikala hesi ya kichwa.
Jua lilihama ukuta hadi ukuta.
Nyevu alipuliza vumbi la chuma nilipomwambia,
na hata nilipokuwa sijamwambia.

Alfajiri Mwaringa amewasha.
Tulisikiliza sote: yeye, mimi, Nyevu,
na Sidi juu ya kiti, ameziba pua kwa mazoea.
Hakuna ulimi. Injini tu.
"Bolti nane, sivyo?" akahesabu noti.
"Saba. Moja ililipwa zamani."
Hakuelewa, akashukuru, akaondoka na magunia matupu.

Nyevu hakuuliza.
Kile kipande cha gundi amekiweka juu ya kopo la misumari,
upande wenye alama ya kidole ukitazama juu,
na tangu asubuhi nafanya kazi
mkono mmoja mfukoni.